Ziwa halipwi wala halijai: nilivyonunua boti yangu ya kwanza na kuifunga Seeb

Siku niliyostaafu, mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Sasa, maalim, utakaa wapi?" Hakukusudia mji, alikusudia kiti. Nyumba yetu ya Seeb ina sebule mbili, na kwa miaka yote niliyokuwa nikisomesha zilikuwa zake kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Mwanamume anayeshinda nyumbani akiuliza chai kila saa ni mzigo, na mimi nilikuwa najiandaa kuwa mzigo huo.

Wakati huo huo mwanangu wa tatu alikuwa ametimiza miaka mitatu tangu amalize chuo, na cheti chake cha umeme kimo kabatini. Familia nyingi hapa Oman mnayajua haya: kujiandikisha, kusubiri simu, usaili, kusubiri tena. Yeye hakukaa akasubiri. Alianza kutoka na rafiki yake wa shule, kijana wa Kibulushi ambaye kwao nyumba nzima ni wavuvi, na asubuhi akirudi na mfuko wa samaki na macho mekundu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya kumi nikamwambia, mbele ya dada zake, "Sikukusomesha uje kunuka samaki."

Hakunijibu. Alikwenda kuoga, na kwa wiki tatu hakuleta samaki nyumbani. Mama yake akawa ananunua sokoni, na kila akiweka sahani alikuwa akiniangalia mimi, haangalii sahani.

Watu wakiniuliza kwa nini mwalimu wa hesabu mwenye miaka 64 amenunua boti, huwa nawajibu ni kwa ajili ya kupumzika. Leo nasema kweli: nilinunua boti kwa sababu ya neno lile.

Sasa, mimi si mtu wa bahari. Nimezaliwa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Wenzetu wa Unguja na Mombasa tuliochanganyika nao hapa Maskati hupenda kututania sisi wa Burundi, Rwanda na Kongo, "Nyinyi Waarabu wa bara." Wana haki. Wazee wetu walifuata njia ya misafara mpaka Ujiji, wengine wakavuka maji, wakafungua maduka, wakaoa, wakabaki. Baba alikuwa na duka la nguo na chumvi. Hakuvua hata siku moja, lakini usiku tukikaa barazani tuliona taa za wavuvi wa ndagala zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazionekani. Samaki hawafuati karabai penye mbalamwezi, basi wavuvi hupumzika na kushona nyavu zao. Mpaka leo nikiona mwezi wa kumi na nne, kitu cha kwanza kinachonijia ni watu waliokaa chini wanashona nyavu.

Sekondari nilisoma kwa mapadri, kwa Kifaransa. Waislamu tulikuwa wachache, na Ijumaa tulipewa ruhusa ya kwenda kusali bila maneno. Padri wa fizikia alitupeleka ufukweni na mtumbwi kutufundisha kanuni ya Archimedes: alitupakia mmoja mmoja mpaka maji yakafika ukingoni, halafu akatuuliza nani ashuke. Basi nikaamini kwamba mambo ya vyombo nayajua. Nilichokuwa sijui ni hiki: ziwa halipwi wala halijai. Ukifunga mtumbwi jioni kwa kamba ya pima moja, asubuhi utaukuta na pima ile ile. Mke wangu, ambaye kwao ni Unguja, amekua akijua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma. Mimi nilifundisha hesabu za mawimbi ubaoni miaka mingi na sikuwahi kuuliza maji ya Seeb yanakwenda wapi usiku.

Nilimwita mwanangu, nikamwambia nataka kununua boti, na kwamba sijui kitu, anisaidie. Akasema, "Sawa, baba." Hakuongeza neno, nami sikuongeza.

Tulizunguka miezi miwili: Seeb, Barka, Quriyat, mara moja mpaka Sur. Sur hatukuwa na haja nako, lakini huwezi kufika mlangoni ukarudi bila kuitazama Fath al-Khair, ile ghanja iliyoundwa hapo 1951, ambayo sasa imewekwa nchi kavu watu waione. Mwanangu aliizunguka mara mbili akigusa mbao. Vyombo vya mbao sasa vimebaki vichache. Pwani ya Batinah zamani mtu alivua kwa shasha, chombo cha vijiti vya makuti ya mtende vilivyofungwa kwa kamba, ambacho maji huingia na kutoka na bado kinaelea. Siku hizi ni faiba na mashine ya nyuma, futi ishirini na kitu, kila mahali.

Boti ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa nzuri kama bibi harusi. Rangi mpya, buluu na nyeupe, mito ya kukalia mipya. Muuzaji alikuwa na haraka, anasafiri, eti kuna mtu mwingine anakuja jioni. Nikatoa rial 100 za kushika bei. Mwanangu alinivuta shati, nikamwambia, "Wacha, nimekwisha sema." Kesho yake tukarudi na baba wa yule rafiki yake, mzee wa Kibulushi ambaye hapa nitamwita Haji kama tunavyomwita sote. Haji hakutazama rangi. Alitoa sarafu mfukoni akaanza kugonga chombo kuanzia omo, taratibu, sikio karibu. Ti, ti, ti, sauti kavu. Alipofika kwenye ubao wa tezi, pale mashine inapofungwa, sauti ikabadilika, ikawa kama unagonga gunia la mchele. Akaniambia nigonge mwenyewe.

Nawaeleza kwa sababu wengi wenu mtanunua mkononi, mpya ni ghali. Ndani ya faiba ya ubao wa tezi kwa kawaida mna mbao. Tundu za skrubu zisipozibwa vizuri, maji huingia pole pole, mbao inaoza ndani na nje panang'aa. Mashine ya kilo zaidi ya 100 imening'inia hapo. Siku ya bahari nzito ubao unaachia, na mashine inakwenda chini pamoja na nyuma yote ya boti. Haji alishika mashine kwa mikono miwili akaitikisa juu na chini, na ubao mzima ukatikisika nayo. Halafu akafungua skrubu ndogo ya oili ya gia. Ilitoka nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yamekwisha ingia. Rial zangu 100 sikurudishiwa. Muuzaji simu yake haikupokelewa tena. Mke wangu alisema ni ada ya shule, na kwamba mimi nimewatoza wazazi wa watu zaidi ya hizo kwa masomo ya jioni.

Boti tuliyoinunua ilikuwa mbaya wa sura. Rangi imepauka, ina kiraka ubavuni, lakini kiraka kinachoonekana ni bora kuliko rangi inayoficha. Futi 23, mashine ya nguvu za farasi 75, trela lake, na nanga yenye mnyororo. Tuliomba mwenyewe asiiwashe kabla hatujafika, maana mashine iliyokwisha pashwa moto humdanganya mnunuzi. Iliwaka mara ya pili, maji ya kupoza yakachuruzika kwa nguvu nyuma, oili ya gia ikatoka safi. Sarafu yangu ilitoa sauti kavu kila nilipogonga, na niligonga mpaka mwenye boti akacheka. Rial 2,350. Kiinua mgongo changu kilitoa 1,950, na 400 alitoa mke wangu kwenye bangili zake. Alitaka ijulikane kwamba ana hisa.

Makaratasi sitayaeleza sana, yanabadilika na kila wilaya ina ofisi yake. La kujua ni kwamba boti ya uvuvi hainunuliwi kama kabati. Ina mulkiya yake, namba inayoandikwa ubavuni, na leseni ya chombo ni mbali na leseni ya mvuvi. Ukilipa kabla ya kuhakikisha kwamba jina linaweza kuhama, umenunua faiba tupu. Karani alipouliza iandikwe kwa jina la nani, mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama simu. Nikataja jina lake. Simu ikashuka.

Njiani kurudi aliniambia, "Baba, ungeandika lako." Nikamwambia mimi ni baharia tu, nahodha ni yeye. Nilijiona nimesema jambo kubwa. Nilisahau kwamba nahodha husikilizwa.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Nilikuwa nimemtaka asubiri mpaka msimu wa nguru ufunguliwe, maana hapa Oman nguru, au kanadi kama watoto wanavyomwita, haruhusiwi kuvuliwa kuanzia 15 Agosti mpaka 15 Oktoba, wakati wa kuzaa. Visiwa vya Daymaniyat tunavyoviona mbele ya Seeb navyo ni hifadhi tangu 1996, huingii bila kibali. Na juu ya sheria za serikali kuna desturi: nani anatega wapi, nyavu za nani zinapishwa, mkikatiana kamba nani alipe. Hayo huamuliwa na kamati za Sunan al-Bahr, desturi za bahari, ambamo wavuvi wenyewe wamo. Haji alinipa somo hilo kwa saa nzima kwenye kahawa. Nilipenda. Lilifanana na mabaraza ya wazee wetu.

Siku ya kwanza tuliishusha alasiri, tukatembea nayo, tukajaribu mishipi, tukapata changu wawili wadogo na furaha isiyolingana nao. Magharibi ikatukuta nje. Tukarudi bandari ya wavuvi, ndani ya ukuta wa mawe, na mimi nikaomba usukani. Nilitaka nimwonyeshe mtu kitu, sijui nani.

Boti haina breki. Hilo nalijua leo. Gari ukigeuza usukani, mbele ndiko kunakokwenda. Boti ukigeuza, ni nyuma inayopepesuka na mbele hufuata ikipenda. Upepo ulikuwa unavuma mgongoni kwangu kuelekea gatini, na nilikuja kwa kasi nikidhani nitairudisha nyuma dakika ya mwisho. Mwanangu alisema, "Baba, zunguka, uje dhidi ya upepo." Nikamwambia naona. Tuligonga boti ya jirani, si sana, lakini sauti ya faiba kwa faiba ndani ya bandari tulivu husikika mpaka msikitini. Watu waliokuwa wanapakua barafu walisimama. Nikaondoa gia, nikatia nyuma, nikazima mashine kwa kuvuta ile kamba ya usalama inayofungwa mkononi, nikabaki naelea katikati kama kifuu. Mwanangu alichukua usukani bila kusema neno. Alizunguka, akaelekeza omo kwenye upepo, akaja pole pole kwa pembe, gia inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, mpaka boti ikasimama yenyewe shubiri moja kutoka kwenye tairi za gati. Ungeweza kuweka yai katikati.

Mimi nikasema basi angalau nifunge kamba. Nilishuka na kamba ya omo, nikaifunga kwenye nguzo kwa fundo langu la Rumonge, nikavuta mpaka ikawa kavu. Ya tezi nikafunga vivyo hivyo, ila nayo kidogo haikufika sawasawa. Maji yalikuwa juu, boti imekaribia usawa wa gati, ukiruka unaingia. Mwanangu alisema, "Legeza, baba. Acha ndefu." Nilimjibu kwa sauti ya darasani: "Kamba legevu ni ya mtu mvivu." Haji alikuwa mbali. Mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa, unatoka. Nikautazama na kuwaza wale wavuvi wa Rumonge wanashona nyavu. Ziwani mwezi huo ni mapumziko. Baharini ni bamvua, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya gati naufurahia.

Simu ya mwanangu ililia saa tisa na nusu usiku. Haji. Maneno yake mawili tu niliyasikia: "Boti yenu inaning'inia."

Tulipofika, maji yalikuwa yameshuka karibu mita mbili. Boti yangu ya rial 2,350 ilikuwa imesimama kwa pua, omo limevutwa juu na kamba yangu, tezi limezama, maji yanaingia juu ya ubao ule ule niliougonga kwa sarafu. Mashine imelowa mpaka kiunoni. Kamba ilikuwa inalia. Kile kishikio cha omo kilichofungwa kwenye faiba kilikuwa kimeshaanza kung'oka na kutoa ufa mrefu. Nikakimbilia fundo. Fundo la mtumbwi wa ziwani likivutwa na boti nzima linakuwa jiwe. Nilihangaika nalo kucha zikatoka damu. Nikasema lete kisu, nikate.

"La, baba!" Alinishika mkono. Ni mara ya kwanza katika maisha yake kunishika mkono kunizuia. "Ukikata sasa inaondoka."

Tezi ilikuwa imeshalegea na inaburuta. Kamba ya omo peke yake ndiyo iliyoishika. Ukikata, boti nzito yenye maji inaanguka, inageuka, inakwenda chini ya boti za watu. Alichukua kamba nyingine ndefu, akalala kifudifudi kwenye ukingo wa gati, Haji amemkalia miguu, akapitisha kamba kwenye pete ya chini ya omo, ile ya kuvutia kwenye trela, ambayo ni ya chuma na imeshikana na mwili wa boti. Akaileta juu, akaizungusha mara mbili kwenye nguzo bila kuifunga, na kunipa mimi mwisho wake. "Shika. Nikisema, iachie kidogo kidogo. Usiifunge." Halafu ndipo akakata ile yangu.

Uzito wote ukaja kwenye mikono yangu. Ile mizunguko miwili kwenye nguzo ilibeba sehemu kubwa, padri wa fizikia angefurahi, lakini iliyobaki ilinitosha. Nikaachia shubiri, nikashika. Shubiri, nikashika. Omo likashuka mpaka boti ikalala sawa juu ya maji, imejaa kama beseni. Tulikumba maji kwa ndoo mpaka adhana ya alfajiri, watu watatu, hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Tulisali pale pale gatini na nguo zimelowa chumvi.

Njiani nilimwambia, "Neno lile nililosema mbele ya dada zako." Akasema, "Lipi?" Alilijua vizuri sana. Tukaliacha hapo.

Hasara: rial 85 za fundi wa faiba, 28 za betri, na mashine ilisafishwa kwa maji matamu asubuhi ile ile kabla chumvi haijakauka, ndiyo maana ikapona. Mashine iliyozama haingoji. Jirani tuliyemgonga alikataa pesa, alipokea nguru mmoja mwezi uliofuata.

Tangu hapo tunafunga hivi, na Haji ndiye aliyetufundisha: kamba ya omo inakwenda mbele mbali, ya tezi inakwenda nyuma mbali, haziendi moja kwa moja juu ya nguzo, ili boti ipande na kushuka kama mtu anayepumua huku imebaki mahali pake. Urefu usipungue mara tatu ya maji yanayopwa. Ndugu zetu wa Unguja, ambako siku za bamvua maji hushuka karibu mita nne, watacheka kwamba nimehitaji kusomeshwa haya. Na wacheke. Fundo liwe la kufunguka hata likivutwa. Na likitangazwa tufani, hakuna cha kamba ndefu wala fupi: boti inapanda trela na kwenda mbali na ufukwe. Watu wa Batinah waliona Shaheen, Oktoba 2021, hawahitaji kuambiwa.

Mke wangu anachukua hisa zake kwa samaki. Asiporidhika na mgao anauliza hesabu, na hesabu naandika mimi, kwa wino, katika daftari la zamani la mahudhurio ya wanafunzi. Petroli, barafu, chambo, mauzo. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa nyekundu. Wa tatu tulibakiwa na rial 140.

Sebuleni siku hizi sishindi. Jedwali la maji kujaa na kupwa limebandikwa kwenye friji, juu ya picha za wajukuu, nami nalisoma kila usiku kabla ya kulala. Boti ikirudi huwa nipo gatini. Mwanangu ananitupia kamba ya tezi. Ya omo bado hanipi.